Mchoro wa Kalamu ya Risasi na Majina Mawili Yaliyobadilishana

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

  Tafadhali wekeni madaftari tayari na kalamu mkononi, maana mwisho wa somo nitawapa kazi ndogo ya kufanya.

Somo letu la leo ni juu ya kusoma. Lakini safari hii sitaanza na herufi, nitaanza na picha. Nataka tuutazame pamoja mchoro mmoja wa zamani, uliochorwa kwa kalamu ya risasi kwenye mwaka wa 1638 hivi. Ni mchoro wa majengo ya mji ulio kando ya mto. Redio haina macho, kwa hiyo nitawaeleza polepole mambo yaliyomo, nanyi mtajichorea katika akili zenu.

Ninayo sababu ya kuuchagua mchoro huu. Katika habari zake limo jambo ambalo kila mtu aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima yafaa alijue. Jambo lenyewe ni hili: neno haliwi kweli kwa sababu tu limeandikwa. Msomaji mzuri hulipima.

MJI WENYEWE

Mji ninaousema ni London, mji mkuu wa Uingereza. Unapitiwa katikati na mto uitwao Thames, ambao hutoka magharibi ukaenda mashariki mpaka baharini. Zamani sehemu kubwa ya mji ilikuwa upande wa kaskazini wa mto. Ng'ambo, upande wa kusini, palikuwa na kitongoji kiitwacho Southwark.

Wakati huo London ilikuwa na daraja moja tu la kuvuka mto. Lilikuwa daraja la mawe, na juu yake watu walijenga nyumba na maduka, hata mpita njia aliweza kudhani yumo katika mtaa wa kawaida. Mtu asiyetaka kupita darajani alilipa nauli akavushwa kwa mashua, na wapiga makasia wa mto ule walikuwa wengi sana.

Watu walivuka kwenda Southwark kwa kazi zao, na wengi walivuka kwa ajili ya starehe. Wakubwa wa baraza la mji hawakupenda nyumba za michezo zijengwe ndani ya mji. Basi wenye michezo wakajenga ng'ambo ya mto, mahali ambapo amri za baraza lile hazikufika.

Kati ya nyumba hizo, mbili ndizo zinazotuhusu leo. Zote mbili zilikuwa kubwa, na mtu akizitazama kwa mbali aliziona za mviringo, kama vihenge viwili vikubwa mno vya nafaka. Katikati palikuwa wazi, pasipo paa, na watazamaji walikaa au kusimama kuzunguka.

Nyumba ya kwanza iliitwa Globe, maana yake tufe, yaani mfano wa dunia nzima. Hii ilikuwa nyumba ya michezo ya kuigiza. Nyumba ya pili ilikuwa ya mchezo mkali. Humo watu walimfunga dubu, yaani mnyama mkubwa wa nchi za baridi mwenye manyoya mengi, kisha wakamwachilia mbwa wamshambulie, na watu wakalipa fedha kutazama. Siku hizi mchezo huo umekatazwa na sheria, lakini zamani zile hata wafalme waliupenda.

Yashikeni vizuri majina haya mawili: Globe ni nyumba ya michezo ya kuigiza, na ile nyingine ni nyumba ya dubu. Habari yetu yote imo humo.

GLOBE NA SISI

Huenda mzee mmoja anauliza, "Nyumba hiyo ya Waingereza inatuhusu nini sisi?" Swali zuri. Globe ilijengwa mwaka wa 1599, na mmoja wa wenyewe alikuwa William Shakespeare, mtunzi wa michezo ya kuigiza. Jina hilo si geni kwetu. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri michezo yake miwili kwa Kiswahili. Mmoja, unaojulikana kwa jina la Juliasi Kaizari, tafsiri yake ilitoka kwanza mwaka wa 1963. Wa pili, Mabepari wa Venisi, ulitoka mwaka wa 1969.

Katika mwezi wa Septemba mwaka wa 1599, msafiri mmoja kutoka Uswisi, jina lake Thomas Platter, aliandika katika habari za safari yake kwamba alivuka mto Thames, akaingia katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, akatazama mchezo wa Julius Caesar. Wataalamu wanaamini kuwa nyumba ile ilikuwa Globe. Kwa hiyo hadithi ambayo baadhi yetu tumeisoma kwa Kiswahili, watu wa London waliitazama ndani ya nyumba ile ya mviringo.

Mwaka wa 1613 Globe iliungua. Siku hiyo walikuwa wakicheza mchezo wa habari za mfalme Henry wa Nane, na mzinga ukapigwa kwa ajili ya shangwe. Cheche zikaruka zikashika nyasi za paa, na kwa muda mfupi nyumba yote ikawa majivu. Inasimuliwa kuwa mtu mmoja suruali yake ilishika moto, akauzima kwa pombe iliyokuwa katika chupa yake. Mwaka uliofuata, 1614, Globe ikajengwa upya juu ya misingi ileile, na safari hii wakaiezeka kwa vigae. Globe hii ya pili ndiyo iliyomo katika mchoro wetu.

MCHORAJI NA KALAMU YAKE

Mchoraji aliitwa Wenceslaus Hollar. Hakuwa Mwingereza. Alizaliwa mwaka wa 1607 katika mji wa Prague, ulio katika nchi ambayo siku hizi huitwa Jamhuri ya Cheki. Mwaka wa 1636 alikutana na bwana mkubwa wa Kiingereza aliyekuwa safarini, naye akamchukua kuwa mchoraji wake na kumleta London. Hollar alikuwa mgeni, na mgeni mara nyingi huona mambo ambayo mwenyeji ameyazoea hata hayatazami tena.

Katika Southwark liko kanisa kubwa lenye mnara mrefu. Kanisa hilo lingalipo hata leo, na watu wanaendelea kusali humo. Hollar alichora kutoka juu ya mnara ule, akiwa amegeuza uso wake upande wa magharibi.

Sasa fumbeni macho kidogo, muwe pamoja naye pale juu. Chini yenu mnaona mapaa ya nyumba, moja baada ya jingine, na dohani za kutolea moshi. Mbele kidogo, kati ya nyumba ndogo na miti, zimesimama zile nyumba mbili za mviringo. Moja iko upande wa kushoto, mbali zaidi na mto. Nyingine iko upande wa kulia, karibu na mto. Ile ya kushoto ina paa kubwa la ndani lililoinuka juu kuliko kuta zake, na kijumba kidogo kama kofia juu ya paa hilo. Kulia kabisa mnaona mto Thames ukipinda, na mbali sana, mahali mto unapopotea machoni, mnaona majengo ya Westminster.

Mchoro wenyewe ni mdogo. Upana wake ni kama sentimeta 30, urefu wa rula ya shule. Leo umehifadhiwa katika jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani. Hollar alichora kwanza kwa kalamu ya risasi, kisha akapitisha wino juu ya mistari yake, na alama za kalamu ya risasi zingali zikionekana.

Nisimame hapa niseme neno juu ya kalamu hii, ambayo wengi wetu huiita penseli. Inafaa sana kwa kazi ya kuchora nje. Haihitaji kidau cha wino ambacho upepo ungekiangusha mnarani. Mstari ukikosewa hufutika. Ukiigandamiza hutoa mstari mzito, ukiilegeza hutoa mstari mwepesi.

Lakini je, ndani ya kalamu ya risasi mna risasi? Hamna hata chembe. Katika karne ya 16 watu wa Borrowdale, kaskazini ya Uingereza, walikuta ardhini jiwe jeusi laini lenye kuandika. Wakadhani ni namna ya risasi, wakaliita risasi nyeusi, na jina likaenea duniani mpaka likafika katika Kiswahili. Mwaka wa 1779 mtaalamu mmoja wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alionyesha kwamba jiwe lile ni la jamii moja na makaa. Jambo la ukweli lilijulikana, lakini jina la zamani likabaki. Basi hata kalamu mliyoishika sasa hivi ina jina lisilolingana na kitu chenyewe. Likumbukeni hilo, maana tunaelekea kwenye jambo la namna hiyo lenye uzito zaidi.

KUTOKA KARATASI HADI BAMBA LA SHABA

Mwaka wa 1642 vita vilianza Uingereza kati ya mfalme na bunge. Mwaka huohuo bunge likaamuru nyumba za michezo zifungwe. Globe ikafungwa, na baada ya miaka michache ikabomolewa ili zijengwe nyumba za kupangisha. Hollar naye alihama, akaenda kukaa Antwerp, mji ulio katika nchi ya Ubelgiji ya leo. Alichukua michoro yake pamoja naye.

Huko Antwerp alifanya kazi kubwa. Kwa kufuata michoro ile midogo, alitengeneza picha ndefu ya London nzima kama ionekanavyo kutoka kwenye mnara wa Southwark. Ilipigwa chapa mwaka wa 1647 katika karatasi kadhaa za kuunganishwa. Zikiunganishwa upana wake unapita mita 2.

Mpate kuelewa vizuri, nitaeleza jinsi picha za namna hiyo zilivyotengenezwa. Mchoraji huchukua bamba la shaba akalipaka nta. Kisha huchora juu ya nta kwa sindano, na kila sindano inapopita, shaba huonekana. Halafu bamba humwagiwa tindikali. Tindikali haiwezi kula nta, lakini hula shaba pale palipochorwa, ikaacha vijifereji. Nta huondolewa, wino hutiwa katika vijifereji vile, karatasi huwekwa juu, na mashine huigandamiza. Picha ikatoka. Kwa njia hiyo mchoro mmoja uliweza kutoa picha mamia, zikauzwa mbali na karibu.

Lakini picha inapotoka hutoka kinyume, kama uso katika kioo. Kilichochorwa kushoto hutokea kulia. Kwa hiyo mchoraji ni lazima achore kila kitu kinyumenyume katika bamba, na maneno pia huandikwa kinyumenyume, herufi kwa herufi. Ninyi mnajua taabu ya kuandika herufi kwa njia ya kawaida. Fikirini taabu ya kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuka!

Hollar aliiweza kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Majengo yote yalitoka upande wake wa haki. Juu ya majengo makubwa yaliwekwa majina, ili mnunuzi ajue anatazama nini. Na hapo ndipo kosa lilipoingia. Ile nyumba ya kushoto, yenye paa kubwa la ndani, iliandikwa "nyumba ya dubu" kwa Kiingereza. Ile ya kulia, iliyo karibu na mto, ikaandikwa "Globe". Majina mawili yalibadilishana.

Angalieni vizuri kosa lilivyokuwa. Nyumba zilichorwa sawasawa, na herufi ziliandikwa sawasawa. Kila neno peke yake lilikuwa sahihi. Lililokosewa ni mahali pa kuliweka neno. Na kwa sababu picha ilikuwa nzuri na imepigwa chapa, watu waliiamini. Kwa muda mrefu sana wasomaji waliitazama nyumba ya dubu wakidhani kwamba wanaiona nyumba ya Shakespeare.

Kosa la namna hii lingeweza kuepukwaje? Rudini kwenye mchoro wa kwanza, ule wa mnarani. Hollar aliandika juu yake maneno machache ya kusema ni upande gani wa mji anaouchora. Lakini zile nyumba mbili hakuziandikia majina. Siku ile zilikuwa zimesimama mbele ya macho yake, na mtoto yeyote wa Southwark angeweza kumwambia ipi ni ipi. Picha ilipopigwa chapa, karibu miaka 9 ilikuwa imepita, bahari ilikuwa katikati yake na Southwark, na Globe yenyewe ilikuwa imekwisha bomolewa. Maneno mawili madogo, yakiandikwa pale mnarani siku ileile, yangetosha.

KOSA LILIGUNDULIWAJE?

Kosa liligunduliwa kwa kusoma, tena kwa kusoma hati za ardhi. Katika karne ya 20 wataalamu walipekua hati za zamani za kiwanja cha Globe, zenye kutaja mipaka yake na majirani zake. Hati zilionyesha kwamba Globe ilikuwa kusini ya njia moja ya Southwark, mbali na mto, na nyumba ya dubu ilikuwa kaskazini ya njia hiyo, karibu na mto. Walipoiweka picha ya mwaka wa 1647 kando ya hati wakaona maneno hayakubaliani na mahali. Lakini walipouweka mchoro wa kalamu ya risasi, ambao hauna majina, kila nyumba ilikuwa mahali pake.

Basi msije mkasema kwamba mwalimu wa redio amewafundisha kudharau maandishi. Sivyo hata kidogo. Maandishi ya picha yalikosea, na maandishi ya hati ndiyo yaliyoyasahihisha. Asiyejua kusoma asingeweza kuligundua kosa hilo, na asomaye kitu kimoja tu bila kulinganisha asingeweza pia.

Baada ya hapo mchoro ule mdogo ulipata heshima mpya. Mtaalamu mmoja, John Orrell, aliupima kwa makini sana. Alilinganisha majengo ambayo mahali pake panajulikana kwa hakika na jinsi Hollar alivyoyaweka katika karatasi, akaona kwamba mchoraji alipatia mno. Kwa hesabu hizo alikadiria kuwa upana wa Globe, kutoka ukuta hadi ukuta, ulikuwa kama futi 100. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1983. Mwaka wa 1989 wachimbuaji walikuta sehemu ndogo ya misingi ya Globe chini ya ardhi, nayo ilikuwa kusini ya njia ile, kama hati zilivyosema.

Wakati huo mwigizaji mmoja Mmarekani, Sam Wanamaker, alikuwa ameshughulika miaka mingi kuijenga Globe tena. Alifariki mwaka wa 1993 kabla ya kazi kumalizika, lakini nyumba ilifunguliwa mwaka wa 1997, kando ya mto Thames, umbali wa kama mita 230 kutoka mahali pa zamani. Upana wake ni kama futi 100, na paa lake ni la nyasi. Mchoro wa Hollar ulikuwa mmoja wa mashahidi walioulizwa kabla ya kuijenga.

Na mwaka wa 2012, katika tamasha ambalo michezo ya Shakespeare ilichezwa kwa lugha nyingi za dunia, waigizaji kutoka Kenya walisimama katika jukwaa la nyumba hiyo wakacheza kwa Kiswahili. Lugha yetu ilisikika ndani ya kuta ambazo kipimo chake kilitafutwa katika mistari ya kalamu ya risasi.

MCHORO HUHIFADHI

Kabla sijaingia katika faida yetu, niongeze neno moja. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1666 moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate upande wa kaskazini wa mto, ukawaka siku nne. Nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 yaliteketea, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Hollar alikuwa amerudi London. Alichora mji kama ulivyokuwa kabla ya moto, na chini yake akauchora kama ulivyobaki baada ya moto, magofu matupu. Watu wakaweza kuona kwa macho ukubwa wa hasara. Hollar alikufa mwaka wa 1677 akiwa maskini, lakini aliacha picha za chapa kama 2,700. Majengo mengi aliyoyachora hayapo tena, nasi tunayajua kwa sababu ya mkono wake.

FAIDA KWETU

Sasa, ndugu zangu, tuyalete mambo haya nyumbani. Tuseme mzee mmoja amefariki, ameacha mashamba mawili: moja la minazi kando ya mto, na moja la mihogo juu ya kilima. Mpimaji amekuja, amechora ramani vizuri, mipaka yote ni sahihi. Majuma kadhaa baadaye karani anaandika majina ya warithi ofisini, mbali na mashamba. Akibadilisha majina mawili tu, dada atapewa kilima na kaka atapewa minazi, kinyume cha wosia wa baba. Ramani ni sahihi. Majina yameandikwa bila kukosea herufi. Lakini haki imepotea.

Zamani dada huyo angetia dole gumba katika hati na kwenda zake. Leo anajua kusoma. Je, kusoma kwake kumemfaa? Kutamfaa kama ataisoma hati pamoja na ramani, akauliza, "Mto uko upande gani hapa? Mbona jina langu limeandikwa kwenye kilima?" Akiyasoma maneno tu na kufurahi kwamba ameliona jina lake, tofauti kati ya kidole chake na kalamu yake ni ndogo.

Kwa hiyo nawapa mambo manne ya kuyashika.

La kwanza, uliza aliyeandika aliandika akiwa wapi na lini. Je, kitu kilikuwa mbele ya macho yake, au alikuwa akikikumbuka tu?

La pili, linganisha maandishi na maandishi mengine. Risiti ilinganishe na daftari la duka, hati ilinganishe na wosia.

La tatu, linganisha maandishi na kitu chenyewe. Maneno yakisema mpaka ni mwembe, nenda ukautazame mwembe.

La nne, na hili ni lenu hasa ninyi mnaojifunza kuandika: andika jina la kitu mahali palepale na siku ileile, kabla hujaondoka. Msiseme, "Nitakumbuka." Hollar alikuwa fundi mkubwa kuliko sisi sote, lakini nyumba mbili zisizoandikwa majina mnarani zilipotosha watu karne nyingi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu nayo ni mali.

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya somo lijalo, kila mwanafunzi achukue karatasi moja na kalamu ya risasi. Asimame mahali panapoonyesha majengo matano au sita ya kijiji au mtaa wake: msikiti au kanisa, duka, kisima, shule, nyumba ya jirani. Ayachore kwa mistari mepesi, bila kuona haya kwamba hajui kuchora. Kisha, akiwa bado amesimama palepale, aandike jina la kila jengo juu yake, na chini ya karatasi aandike tarehe na jina lake mwenyewe. Siku ya darasa mbadilishane karatasi, mwende na mchoro wa mwenzako mpaka mahali hapo, mtazame kama kila jina limekaa mahali pake.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini wenye michezo walijenga nyumba zao ng'ambo ya mto Thames?
2. Katika picha ya mwaka wa 1647, ni kitu gani kilichokuwa sahihi, na ni kitu gani kilichokosewa?
3. Hati za ardhi ziliwasaidiaje wataalamu?
4. Ni karatasi gani nyumbani kwako ambayo hujailinganisha bado na kitu chenyewe?

Maneno mapya:

Bamba: kipande chembamba na kipana cha madini.
Dohani: bomba la kutolea moshi juu ya nyumba.
Kidau: chombo kidogo cha kutilia wino.
Tindikali: maji makali yanayokula madini.
Tufe: kitu cha mviringo kama mpira.